Chetezo cha umeme chenye volti za kupandisha na kushusha, kwa pawa saplai ya kompyuta ya mezani

#1 KoiliNyekundu

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa kutengeneza chetezo cha umeme ambacho joto lake unalipandisha na kulishusha kwa kuzungusha volyumu. Umeme wake unatoka kwenye pawa saplai ya kompyuta ya mezani, lile boksi la chuma lenye feni linalobaki kompyuta ikishakufa. Kwa mafundi wa kompyuta Kariakoo yamejaa, na mengi bado ni mazima.

Kwa nini volti zipande na kushuka? Kaa la moto lililoiva lina joto linalopita nyuzi 500, na huwezi kuliambia lipungue. Udi wa kupika, ule uliokolezwa sukari na marashi, ukiuweka juu ya kaa unanukia dakika ya kwanza, kisha sukari inaungua na unabaki na moshi mchungu wa kukwaruza koo. Sukari huanza kubadilika rangi kwenye nyuzi 160 hadi 170 hivi. Ubani nao una joto lake, udi wa mti mkavu lake. Na vyetezo vingi vya umeme vya dukani ni kuwasha na kuzima tu.

Mahitaji:

- Pawa saplai ya ATX (aina ya kawaida ya kompyuta za mezani) ya wati 200 au zaidi, yenye plagi kubwa ya pini 20 au 24 na angalau plagi moja ya Molex ya pini 4 (zile za diski kuu, yaani hard disk, za zamani).
- Waya wa jiko la umeme, koili ya wati 1000. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme.
- Moduli ya kushusha volti ya LM2596.
- Rezista ya saimenti (ile nyeupe) ya omu 10, wati 10.
- Fyuzi ya gari ya ampea 5 na kishikio chake.
- Swichi ndogo ya kuwasha.
- Mita ndogo ya volti ya waya tatu.
- Konekta ya kauri, si ya plastiki.
- Sahani ya udongo uliochomwa yenye mfereji, ile ya jiko la umeme. Hata kipande kilichovunjika kinafaa.
- Karatasi ya maika, na kisahani cha chuma kisichoshika kutu au cha shaba chenye unene wa milimita 1.
- Chetezo chenyewe cha udongo, chenye mdomo mpana wa kupokea hivyo vyote.

Rangi za waya. Njano ni +12V, nyekundu +5V, chungwa +3.3V, nyeusi ni hasi. Zambarau ni +5V inayokuwepo muda wote plagi ikiwa ukutani, hata boksi likiwa limezimwa. Kijani ndiyo ya kuwashia: ukiigusisha na nyeusi, boksi linawaka. Kijivu inatoa 5V boksi likishajiridhisha kwamba volti zake zimetulia. Bluu ni −12V. Iacheni, haina nguvu ya maana.

Jaribio la kwanza: plagi ikiwa nje ya soketi, chomeka klipu ya karatasi kati ya kijani na nyeusi kwenye plagi kubwa, kisha chomeka ukutani. Feni ikizunguka, pima njano na nyeusi. Inatakiwa isome kati ya 11.4 na 12.6. Nyekundu kati ya 4.75 na 5.25.

Koili: kata kipande cha omu 3.6, kwa 12V upate wati 40. Ukishusha hadi 8V unabaki na wati 17.8, ukishusha hadi 6V wati 10. Joto linafuata volti mara volti, kwa hiyo volti zikishuka nusu, wati zinabaki robo. Ndiyo maana volyumu inafanya kazi kubwa kwa mzunguko mdogo.

Maswali karibuni.

#2 MitaYaMkono

Bandiko zuri mkuu, ila hesabu ya koili ina tatizo. Omu 3.6 kwa 12V ni ampea 3.33. LM2596 mwisho wake ni ampea 3, na zile moduli za bei ya chini bila bati la kupoza nazihesabu kuwa za ampea 2. Mtu akizungusha volyumu hadi mwisho, moduli inajikata kwa joto, inapoa, inawaka tena, na hivyo hivyo hadi ife.

Kubwa zaidi ni hili. Kwenye moduli hizi volyumu inakaa kati ya umeme unaotoka na mguu wa kupimia. Mguu wa kati wa volyumu ukikosa kugusa, kwa vumbi au kutu, moduli inadhani volti ziko chini na inafungua yote. Yaani hitilafu ya kawaida kabisa ya volyumu inakupa volti za juu kabisa. Chetezo kisanifiwe kwa siku hiyo, usikisanifu kwa siku volyumu ikiwa nzima.

Weka omu 5. Angalia:

5V = wati 5
6V = wati 7.2
7V = wati 9.8
8V = wati 12.8
9V = wati 16.2
10V = wati 20
12V = wati 28.8, ampea 2.4

Hata kila kitu kikiharibika, 12V nzima ikapita, ni ampea 2.4 na wati 29. Udi utaungua, lakini hakuna kitakachoshika moto ndani ya chetezo cha udongo. Anayetaka lazima wati 40 atumie moduli ya XL4015 ya ampea 5 na aifunge bati la kupoza. Mimi sioni haja yake. Kwa kisahani cha upana wa sentimita 5 au 6, udi unaridhika na wati 10 hadi 16.

#3 KoiliNyekundu

Nakubali mkuu, omu 5 ndiyo sahihi. Wakuu wasomeni #2 kabla ya kukata waya, omu 3.6 niliyoandika juu iacheni.

Namna ya kukata, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Koili ya wati 1000 kwa 230V ni omu 52.9 ikiwa ya moto. Ikiwa baridi inasoma pungufu kidogo, mara nyingi karibu na 50. Kabla ya kupima, gusisha ncha mbili za maltimita zenyewe kwa zenyewe uone zinasoma ngapi. Zikisoma 0.4, basi hiyo 0.4 unaitoa kwenye kila kipimo. Kwenye omu 50 haina maana, kwenye omu 5 ni kosa la karibu asilimia 8.

Pima koili nzima ikiwa imebana, kabla hujaivuta. Tuseme ni sentimita 30 na omu 50: kila sentimita moja ya koili iliyobana ni omu 1.67, hivyo omu 5 ni sentimita 3. Ongeza mizunguko mitatu kila upande kwa ajili ya mikia. Kata, kisha vuta ile sentimita 3 taratibu hadi ifike 6, mizunguko iachane sawasawa. Pale mizunguko inapobanana ndipo itakapoiva nyekundu na kukatika mapema.

Mikia: nyoosha ile mizunguko ya ziada, ikunje mara mbili, isokote. Waya ukiwa mara mbili unapata moto nusu yake, na konekta inapona.

Ukiwa na wasiwasi kama waya utavumilia, fanya hesabu hii. Kwenye jiko ulikuwa unapitisha ampea 4.35. Hapa, hata kwa 12V nzima, ni 2.4. Joto kwa kila sentimita ya waya linakuwa kama asilimia 30 ya lile ulilotengenezewa. Waya huu utakaa sana.

#4 UbaniNaUdi

Asante kaka. Je, nikiunga ile mikia kwa lehemu badala ya konekta? Na kwa nini tusitumie dima ya taa moja kwa moja kwenye 230V, tukaachana na boksi zima?

#5 KoiliNyekundu

Dada, lehemu haishiki waya wa jiko, inateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Hata ungefanikiwa kuishikisha, lehemu ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi 183, na mkia wa koili unaweza kufika huko. Skrubu ya shaba ndani ya konekta ya kauri, basi. Kuanzia kwenye konekta kwenda kwenye moduli tumia waya wa silikoni kwa sentimita 15 za mwanzo. Waya wa kawaida wa plastiki umetengenezwa kwa nyuzi 70.

Dima kwenye 230V: koili iko wazi chini ya kisahani cha chuma, juu yake sukari inayeyuka na kutiririka, na chetezo kinazungushwa chumbani watoto wakiwepo. Maika ikitoboka, kisahani kina 230V. Kwa 12V maika ikitoboka, kisahani kina 12V tu. Hiyo tofauti pekee inatosha kutukalisha na boksi.

#6 SwichiYaUkutani

Naongezea usalama wa boksi lenyewe, kwa sababu hapa hakuna utani.

Msilifungue. Ndani kuna kapasita zinazochajiwa hadi volti 325 za DC, na zinaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa plagi. Kazi yote ya chetezo inafanyika nje, kwenye plagi zinazotoka. Wanaotoboa matundu ya skrubu kwenye boksi wanaangusha unga wa chuma juu ya bodi, na siku ya kuwasha unapigwa mshindo.

Mabox ya zamani yana kiswichi chekundu nyuma kilichoandikwa 115 na 230. Kihakikishe kiko 230 kabla ya kuchomeka. Kikiwa 115 na umeme wetu wa 230V, kapasita zinapasuka papo hapo.

Halafu waya wa ardhini. Nyumba nyingi zina soketi za matundu matatu lakini hilo la juu halina kitu nyuma yake. Boksi likikosa ardhi, chujio lake la ndani linaufanya mwili wa chuma na nyeusi zote zikae kwenye kama nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo sana, hauui, lakini unatekenya mkono ukiwa na jasho au ukiwa miguu mitupu sakafuni. Watu wanasema "boksi lina shoti" wanalitupa, kumbe boksi ni zima na soketi ndiyo mbovu. Pima kwa maltimita: kati ya laini na ardhi isome karibu sawa na kati ya laini na nyutro. Ikisoma 100 na kitu, au ikiyumbayumba, huna ardhi. Mwite fundi mwenye leseni aiweke kabla hujaendelea na chetezo.

#7 Msomaji_Temeke

Mkuu nina boksi, nikiunganisha kijani na nyeusi feni inashtuka mara moja halafu inasimama. Ni bovu?

#8 MitaYaMkono

Si lazima, ndugu. Fuata mpangilio huu.

Chomeka bila klipu. Pima zambarau na nyeusi: lazima iwe 5V. Ikiwa sifuri, upande wa kusubiri umekufa, achana nalo. Kama ipo, pima kijani na nyeusi: isome kati ya 3 na 5V. Ipo? Basi boksi linaweza kuwaka, linajikata tu.

Chomoa kila kitu kwenye waya zake, angalia kama kuna njano au nyekundu iliyochubuka ikagusa nyeusi. Kisha weka ile rezista ya omu 10 kati ya nyekundu na nyeusi. Boksi nyingi za zamani zinajirekebisha kwa kuangalia zaidi 5V. Bila mzigo hapo zinapotea dira: 12V inashuka, au boksi linajizima. Rezista inakula ampea 0.5, wati 2.5, inatosha kwa mengi. Likikataa bado, jaribu omu 5 ya wati 10, itakula ampea 1.

Muhimu: boksi likishajikinga, linaweza lisirudi kwa kubonyeza swichi tena. Chomoa ukutani, subiri dakika nzima, ndipo urudie.

Na waya wa kahawia unaoingia pini moja na wa chungwa usiukate kamwe. Huo ndio unaopima 3.3V. Ukiukata boksi linapandisha volti au linajizima.

Ukiona kupitia matundu ya feni kapasita zimevimba vichwa au zimetoa ute, boksi hilo lipumzishwe. Joto la huku na hewa ya chumvi vinaziua mapema, hasa boksi lililokaa stoo karibu na bahari.

#9 KoiliNyekundu

Sasa wiring. Uzuri ni kwamba hukati hata waya mmoja wa boksi. Plagi moja ya Molex ina njano, nyeusi, nyeusi, nyekundu. Tafuta jozi yake (kuna waya za kugawanya, kata upande mmoja wa hizo).

Nyekundu na nyeusi ya jirani yake: rezista ya omu 10. Ifunge mbele ya feni ya boksi upande hewa inapotokea, isiguse plastiki. Inapata moto wa kutosha kuunguza kidole.

Njano: inaingia kwenye fyuzi ya ampea 5, kisha moduli upande wa kuingilia, alama ya kujumlisha. Nyeusi ya pili inaingia alama ya kutoa. Fyuzi ikae karibu na plagi, isikae mwisho wa waya. Usiseme boksi lina kinga yake: kinga ya 12V inaweza kusubiri hadi ampea 15 na zaidi, na waya wako mwembamba wa mita moja utakuwa umeshayeyuka kabla boksi halijashtuka.

Kijani na nyeusi kutoka plagi kubwa ziende kwenye swichi. Mkondo wake ni mdogo, swichi yoyote inafaa.

Mita ya volti: nyekundu na nyeusi zake kwenye 12V ya kuingia, waya wa tatu kwenye umeme unaotoka kwenye moduli. Msinunue ya waya mbili, hiyo inajilisha kwenye volti inazopima na ikifika chini ya 4.5 inazimika.

Kabla ya kuunga koili: washa, zungusha volti hadi 5, zima, unga koili, washa tena.

#10 Volyumu_2K

Hapa kuna jambo linawachanganya wengi. Kile kiskrubu cha bluu kwenye moduli ni cha kilo-omu 10 na kinazunguka mizunguko mingi. Ukikitoa ukaweka volyumu ya 10k ya kawaida, kama ya redio, robo ya kwanza tu ndiyo itafanya kazi, iliyobaki yote ni volti zile zile za juu. Sababu ni fomula:

Volti = 1.23 × (1 + R2 ÷ R1)

R1 kwenye moduli nyingi ni omu 330, imeandikwa 331. Somea yako kwanza. R2 ndiyo volyumu. Kwa 10k, hesabu inakwenda hadi volti 38, wakati wewe unaingiza 12.

Weka volyumu ya 2k ikifuatana na rezista ya omu 680. Volyumu ikiwa sifuri: 1.23 × (1 + 680÷330) = 3.76V. Ikiwa mwisho: 1.23 × (1 + 2680÷330) = 11.2V kwa hesabu. Kwa vitendo, ukiwa na mzigo, moduli inameza zaidi ya volti moja, utaishia 10 na kitu. Sasa mzunguko mzima wa kitasa una maana, na unaweza kuandika alama pembeni: 5, 6, 7, 8, 9.

Mguu wa kati wa volyumu uunganishe na mguu mmoja wa pembeni. Waya za volyumu ziwe fupi, sentimita 10 au chini, zisokotwe. Zikiwa ndefu moduli inaanza kulia na mita inachezacheza.

Anayeogopa kulehemu aache kiskrubu cha bluu kama kilivyo, atumie bisibisi. Kinafanya kazi ile ile, ila si rahisi ukiwa na wageni sebuleni.

#11 KijanaWaIlala

Kwa nini tusumbuke na moduli? Njano ukiiunga na nyekundu unapata 7V, watu wa feni za kompyuta wanafanya hivyo siku zote. 5, 7, 12, swichi ya hatua tatu, kazi imekwisha.

#12 MitaYaMkono

5 na 12 sawa. 7 hapana, na sababu yake ni hii. Ukiweka koili kati ya njano na nyekundu, mkondo unatoka 12V na kuingia ndani ya 5V. Kwa omu 5 ni ampea 1.4 zinazosukumwa kwenye njia iliyotengenezwa kutoa umeme, haikutengenezwa kuupokea. Rezista yako ya omu 10 inakula 0.5 tu. Ampea 0.9 zinazobaki hazina pa kwenda, 5V inapanda, kinga inakata. Feni inasalimika kwa sababu inatumia sehemu ndogo sana ya ampea.

Swichi ya 5 na 12 peke yake inampa mtu wati 5 na 28.8. Moja ya kutunza joto, moja ya kuunguza. Katikati ndiko udi unakotaka.

#13 KijanaWaIlala

Nimeelewa mkuu. Na zile moduli za kuongoza mwendo wa mota, zinazokatakata umeme kwa kasi? Ni rahisi kuliko LM2596.

#14 Volyumu_2K

Zinafaa kwa koili, kaka, joto halijali umeme ukikatwakatwa. Ila usiamini mita ya volti. Ukiweka nusu, mita inasoma wastani wa 6V, na jedwali la #2 linakuambia wati 7.2. Ukweli ni wati 14.4, kwa sababu nusu ya muda koili inapokea 12V kamili. Anayefuata njia hiyo aandike asilimia kwenye kitasa, asiandike volti: asilimia 25 ni wati 7.2, asilimia 50 ni 14.4.

LM317, chipu nyingine ya kushusha volti, msiiguse kwa kazi hii. Kwa 6V na ampea 1.2 inachoma yenyewe wati 7.2, sawa na zile zinazofika kwenye udi, na mwisho wake ni ampea 1.5.

#15 UbaniNaUdi

Mimi nataka kujua ya juu: kisahani, maika na udi wenyewe vinapangwaje? Na naweza kumwaga saimenti au plasta kushikilia koili?

#16 KoiliNyekundu

Saimenti hapana, plasta ya Paris hapana. Zote zina maji yaliyofungwa ndani. Ukizipasha kupita nyuzi 100 maji yanatoka, inapasuka na kudondoka vipande. Udongo uliokwisha kuchomwa tanurini ndio wenyewe.

Kutoka chini kwenda juu: chetezo cha udongo, ndani yake changarawe safi au vipande vya vigae kwa kina cha sentimita 2 ili joto lisishuke mezani. Juu yake sahani ya udongo yenye mfereji, koili ndani ya mfereji, ikizama kabisa usiione ikichungulia. Kisha maika, isiyo na tundu wala ufa, ipite kisahani kwa milimita 5 kila upande. Kisha kisahani, kingo zake zikiwa zimekunjwa juu kidogo ili sukari isitiririke kando ikafika kwenye koili. Sukari iliyoungua inageuka kaboni, kaboni inapitisha umeme, mizunguko inafupika na omu zinashuka.

Msitumie bati la kuezekea, lile lina zinki. Msitumie kopo lenye rangi au lililopakwa plastiki ndani. Na karatasi nyeupe za kuzuia joto zinazotoka kwenye pasi na majiko ya zamani sana, zile zenye nyuzinyuzi, msizikate wala kuzisugua. Zinaweza kuwa asbesto.

Kwa usalama zaidi funga swichi ya joto ya KSD301 ya nyuzi 90, ile inayojifungua ikipata moto, chini kabisa kwenye msingi wa chetezo, ifuatane na waya wa njano. Changarawe zikisahaulika, au chetezo kikifunikwa na nguo, inakata.

Kutumia: washa kwa 10V dakika nne au tano, udongo unachelewa kupokea. Shusha hadi 7, weka udi wa kupika kipande kidogo kama punje ya hindi. Usiposikia harufu ndani ya dakika mbili, panda nusu volti. Ukiona moshi mzito wa buluu umezidisha, shuka. Udi wa mti mkavu unapenda 8 hadi 9. Ubani ni vizuri uuanze kwa 6 na kupanda polepole, unatoa harufu kabla hata ya kutoa moshi. Mwenye maltimita yenye waya wa kupima joto aguse kisahani: 150 hadi 180 ndiyo sehemu nzuri ya udi wa sukari.

#17 SwichiYaUkutani

Chetezo cha umeme kinaondoa kaboni monoksidi ya mkaa, na hilo ni jambo kubwa kwa wanaofukiza chumba kilichofungwa. Moshi wa udi wenyewe bado ni moshi. Mwenye pumu au mtoto mchanga ndani, fungua dirisha. Na chombo hiki ni cha kufukiza chumba na nguo tu. Asiinamie mtu kuvuta moja kwa moja kwenye kisahani.

#18 Msomaji_Temeke

Asanteni wakuu. Boksi limewaka baada ya rezista, 12V inasoma 11.8. Swali la mwisho: naweza kuchukua umeme kwenye kompyuta ninayoitumia, kuna Molex iko wazi ndani? Au kwenye tundu la USB? Na chaja ya laptopu je?

#19 MitaYaMkono

11.8 ni nzuri kabisa.

Kompyuta inayotumika: umeme utatosha, lakini shoti moja ndogo kwenye koili inaizima kompyuta nzima ukiwa katikati ya kazi, na moshi wa udi una mafuta. Feni zitauvuta, vumbi litagandia kwenye bodi kama gundi. Boksi la peke yake.

USB ya kawaida ni 5V kwa ampea 0.5, wati 2.5. Hazitoshi kupasha hata kisahani.

Chaja ya laptopu ya 19V na wati 65 inafaa na LM2596 inaipokea, ila kumbuka ile siku volyumu inapokosa kugusa: 19V kwenye omu 5 ni wati 72 na ampea 3.8. Kwa chaja hiyo koili iwe omu 12.5, ndipo mwisho unarudi kuwa wati 29. Kwenye mfano wa #3 hiyo ni sentimita 7.5 za koili iliyobana. Volti za jedwali nazo zote zinabadilika: 8V inakuwa wati 5.1, 10V wati 8, 13V wati 13.5. Na volyumu ya #10 haikufikishi huko. Weka ya 5k badala ya 2k.

LUKU isikutishe. Hata boksi likichota wati 35 ukutani, uniti moja inakupa saa 28 za kufukiza. Ila ukimaliza zima swichi ya ukutani, si ile ya kijani tu, kwa sababu zambarau inabaki hai.

#20 KoiliNyekundu

Nyongeza moja kwa wote mtakaomaliza: baada ya kuwasha mara tano au sita, zima, chomoa, subiri ipoe, kisha kaza tena skrubu za konekta ya kauri. Shaba inatanuka na kusinyaa, skrubu zinalegea, na skrubu iliyolegea inapata moto kuliko koili yenyewe. Ukikuta mkia umekuwa mweusi pale unapoingia kwenye skrubu, kata kipande hicho, piga msasa, funga upya. Kisha pima omu za koili: zikiwa bado kati ya 4.8 na 5.2, endelea. Zikishuka chini ya hapo, toa koili uangalie kama mizunguko imegusana au kuna sukari imeingia.